Jibu kwa mwimbaji wa Mombasa: ulaini wa Come Away with Me unatoka wapi?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Naimba hotelini hapa Mombasa usiku tatu kwa wiki, na nimeandika nyimbo tisa za Kiswahili. Ndoto yangu ni albamu moja tulivu ya jazz laini, kama Come Away with Me ya Norah Jones, ambayo naisikiliza tangu nikiwa shule. Mwaka jana niliingia studio na nyimbo tatu. Zilitoka safi lakini hazina uhai. Mume wangu alisema ni kama muziki unaopigiwa ukisubiri kuhudumiwa kwenye simu. Ile albamu ina nini ambacho mimi sina? Ni sauti yake tu? Halafu wenzangu wa bendi hunibishia kwamba ile wala si jazz. Nafikiria pia kuimba baadhi kwa Kiingereza ili nifike mbali. Nyimbo hizo tatu nimekutumia. Naomba unisaidie.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nyimbo zako tatu nilizisikiliza usiku kwa vipokea sauti, na asubuhi nikazirudia kwa spika ndogo ya jikoni huku nikikuna nazi, maana muziki wa namna hii watu wengi huusikiliza hivyo. Sauti unayo. Nyimbo unazo. Ule wa kivukoni umenikaa kichwani siku mbili nzima. Shida ni kwamba aliyekurekodi alitafuta ulaini kwa kuongeza: fidla za kinanda, kengele, sauti zako nne zikiitikia nyuma, na mwangwi mzito kana kwamba umesimama ndani ya tangi tupu la maji. Albamu unayoipenda ilipatikana kwa njia ya kinyume, na hata wenyewe walioitengeneza walipotea kidogo kabla ya kuipata. Nikusimulie kisa hicho kwanza, kwa sababu jibu lako kubwa limo humo.

Norah Jones alizaliwa New York tarehe 30 Machi 1979 na akalelewa na mama yake huko Texas, katika mji wa Grapevine. Baba yake ni Ravi Shankar, yule bingwa wa sitar wa India, lakini hakukulia mikononi mwake, na ukitafuta sitar kwenye albamu hii hutaiona. Alichokua nacho ni sauti ya mwimbaji wa jazz Billie Holiday, piano ya Bill Evans, na nyimbo za kantri ambazo Texas huwezi kuzikwepa. Alisomea piano ya jazz katika Chuo Kikuu cha North Texas. Mwaka 1999 akaenda New York, akabaki huko, akawa anahudumia meza mgahawani na kuimba usiku katika vilabu vidogo. Nakutajia hili la mgahawa kwa makusudi. Wewe unayeimba watu wakigonganisha sahani uko kwenye njia ileile.

Mwishoni mwa mwaka 2000 aliingia studio iliyoitwa Sorcerer Sound, Manhattan, pamoja na fundi mitambo Jay Newland, kurekodi demo, yaani rekodi ya majaribio. Wanamuziki walikuwa wachache: yeye kwenye piano, Jesse Harris kwenye gitaa, Lee Alexander kwenye besi, Dan Rieser kwenye dramu. Walikuwa watu waliozoeana, wakapiga kama walivyozoea kupiga jukwaani. Demo hiyo ilimpendeza Bruce Lundvall, mkuu wa Blue Note, kampuni ya jazz iliyoanzishwa mwaka 1939, naye akamsaini.

Sasa pesa ya kampuni ikawapo, na ikafanyika albamu ya kweli. Walikwenda Allaire, studio iliyo milimani karibu na Woodstock, na prodyuza Craig Street, mtu mwenye sikio kubwa aliyekwisha kufanya kazi nzuri sana na mwimbaji wa jazz Cassandra Wilson. Waliitwa wapigaji wa hali ya juu: Bill Frisell na Kevin Breit kwenye gitaa, Brian Blade kwenye dramu. Kazi ilikuwa nzuri. Ilitolewa baadaye, mwaka 2022, albamu ilipotimiza miaka 20, na ukiisikiliza leo utaiheshimu. Lakini Lundvall alipoisikia aliona kitu kimepungua. Magitaa yalikuwa yametengeneza ukungu mzuri, na ndani ya ukungu huo yule binti na piano yake walikuwa wamerudi nyuma.

Akamwita Arif Mardin. Huyu alizaliwa Istanbul mwaka 1932, na kwa miaka mingi alifanya kazi katika kampuni ya rekodi ya Atlantic akiwatengenezea kina Aretha Franklin na Bee Gees. Alikuwa mpangaji wa okestra kwa ufundi wake, mtu ambaye angeweza kuleta fidla 30 na watu wakashangilia. Hakuzileta. Walirudi Sorcerer Sound na Newland, wakarekodi upya kwa mtindo wa demo, na yaliyokuwa yamefaulu kwenye demo wakayaacha yalivyo. Don't Know Why unayoisikia mpaka leo, ule wimbo uliomtambulisha duniani, chanzo chake ni ile demo. Kutoka Allaire zilichukuliwa nyimbo tatu tu: Seven Years, Feelin' the Same Way na The Long Day Is Over. Albamu ikatoka tarehe 26 Februari 2002 ikiwa na nyimbo 14 na urefu wa kama dakika 45.

Kila nikifika hapo huwa nasimama, mwanangu. Mtu mwenye uwezo wote wa kuongeza alikaa mbele ya demo ya watu wanne akasema moyoni, hii imekwisha kamilika. Ujasiri huo ndio nilioukosa kwenye rekodi zako, na nasema hivyo bila kumlaumu aliyekurekodi, kwa sababu mimi mwenyewe nimefanya kosa hilo. Miaka mingi nyuma nilimrekodi binti mmoja mwenye sauti kama yako. Nilirekodi besi na dramu kwanza, nikaweka kinanda, mwisho nikamwingiza yeye peke yake chumbani na vipokea sauti masikioni. Aliimba sawasawa na kila noti ilikuwa mahali pake, lakini wimbo ulikuwa umekufa. Wiki ya pili tulimkalisha goti kwa goti na mpiga gitaa, maiki mbili tu, nikazima kila kitu. Walipofika ubeti wa pili binti alichelewa kuingia kidogo, mpiga gitaa akamwinulia macho akamngojea, na katika kungojeana kule wimbo ukapata pumzi. Huwezi kukipata kitu hicho ikiwa dramu ilikwisha kurekodiwa jana.

Sasa tuushike wimbo mmoja tuutazame kwa karibu. Chukua Don't Know Why. Uko kwenye ufunguo wa B-flati, mwendo wa taratibu wa mtu anayetembea bila haraka. Mpe mpiga piano wako kodi hizi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja: B-flati meja seveni, B-flati seveni, E-flati meja seveni, D seveni iliyopandishwa noti ya tano, G maina seveni, C seveni, F seveni yenye noti ya nne, kisha nyumbani B-flati. Mwambie azipige polepole huku akitafuta noti moja tu ndani ya kila kodi. Ya kwanza ina A. Ya pili ina A-flati. Ya tatu ina G, ya nne F-shapu, ya tano F, ya sita E, ya saba E-flati, ya mwisho D. Umeiona? Ndani ya wimbo unaoonekana mwepesi kama wa kubembelezea mtoto kuna ngazi inayoshuka nusu hatua kwa nusu hatua, bila kuruka hata moja. Si lazima mpigaji aipige wazi; sikio huisikia tu, kama unavyojua mtu anashuka ngazi chumba cha pili. Hapo ndipo huzuni ya wimbo ule inapokaa, na maneno yenyewe hayalazimiki kulia.

Nyimbo zako mbili kati ya tatu zina kodi tatu zinazozunguka kuanzia mwanzo hadi mwisho. Si dhambi. Come Away with Me wenyewe, aliouandika Norah, una kodi za kawaida sana ambazo mwanafunzi wa mwezi wa pili angezipiga. Lakini ona jinsi ulivyo mfupi, na jinsi unavyojua mahali pa kusimama. Wako wa pili una dakika sita. Ukate.

Hapo tunafika kwenye jambo ambalo waimbaji wengi wanaojiandikia hawapendi kulisikia. Watu humwita Norah Jones mwimbaji mtunzi, na ndivyo alivyo, ila kwenye albamu hii nyimbo alizoziandika peke yake ni mbili tu, Come Away with Me na Nightingale, na mmoja ameshirikiana na Jesse Harris. Jesse Harris ameleta nyingine nne za kwake, pamoja na Don't Know Why. Lee Alexander naye ameleta zake. Halafu kuna tatu za kale: Cold, Cold Heart ya Hank Williams, Turn Me On ya John D. Loudermilk ambayo Nina Simone aliiimba kabla yake, na The Nearness of You ya Hoagy Carmichael na Ned Washington. Hank Williams ni kantri tupu. Norah ameutoa wimbo huo huko akauweka kwenye swing tulivu mpaka asiyejua hudhani uliandikwa kwa ajili ya kilabu cha usiku.

Kwa hiyo utunzi wake mkubwa kwenye albamu ile ulikuwa wa kuchagua. Alichagua nyimbo zinazokaa kwenye sauti yake na zinazozungumza lugha moja, hata kama zimetoka kwa watu mbalimbali. Wewe una nyimbo tisa. Ningekuwa mimi ningechukua sita, nikatafuta moja au mbili za zamani ambazo watu wa Mombasa wanazijua toka tumboni, nikaziimba kwa utaratibu wako. Zilipendwa ziko tele za kuchagua, ila kabla ya kurekodi hakikisha umepata ruhusa ya wenye haki. Huenda wimbo wa mwenzio ukakufungulia wasikilizaji, kisha wakakaa kusikiliza wa kwako.

Umeuliza kama ni sauti yake tu. Sauti ni nzuri, ina ule ukungu kidogo kwenye noti za chini. Lakini kinachokufanya uhisi kwamba ameketi pembeni yako ni mambo mawili ambayo yanafundishika.

La kwanza ni maiki. Sisi tumelelewa na taarab na muziki wa dansi. Kwenye dansi mwimbaji hupambana na tarumbeta, na kwenye taarab sauti lazima ipite juu ya fidla, akodiani na qanuni, tena ukumbini watu wakitunza. Kifua chetu kimezoea kusukuma, na hotelini unasukuma zaidi kwa sababu ya kelele za meza. Uimbaji wa Norah unatokana na desturi nyingine, iliyozaliwa Marekani miaka ya 1920 maiki za umeme zilipoingia studio na redioni. Kina Bing Crosby waligundua kwamba hakuna tena haja ya kufika kiti cha mwisho ukumbini, maana maiki inakufikisha. Wakaanza kuimba kama mtu anayezungumza na mmoja. Billie Holiday akaichukua nafasi hiyo akaipeleka mbali kuliko wote.

Maiki nyingi za studio zenye kusikia upande mmoja zina tabia: ukiisogelea sana, noti nzito za sauti yako hupanda, sauti inapata joto na uzito hata ukiimba kwa nguvu ndogo. Ukirudi nyuma joto hilo linaondoka. Umbali ni chombo cha muziki kama piano. Jaribu kuimba kwa nusu shubiri, kisha kwa shubiri nzima, ubeti uleule, usikilize tofauti. Ukiwa karibu hivyo, geuza mdomo kidogo pembeni mwa maiki, maana P na B zitailipua, na weka kile kitambaa cha kuzuia pumzi. Na usiimbe kwa nguvu ya hotelini ukiwa nusu shubiri. Hilo ndilo lililofanyika kwenye rekodi zako: uliimba kwa nguvu ya jukwaani, fundi akakubana kwa kompyuta ili usipasuke, kisha akakupaka mwangwi kuficha kubanwa. Mtu anayesikiliza anahisi kuna kioo kati yako na yeye.

La pili ni kuchelewa. Sikiliza anavyoingia kwenye mistari. Dramu ya Dan Rieser inakwenda palepale, besi inakwenda palepale, yeye anaachia neno lidondoke nyuma kidogo ya pigo, kisha neno linalofuata analiharakisha ili afike pamoja nao mwisho wa mstari. Ni kama mtu anayetembea na wenzake, akasimama kunusa ua la mwasumini, akawafikia kabla ya kona. Ukichelewa mstari wote unakuwa umepotea mapigo tu. Ufundi uko kwenye kurudi. Zoezi: washa kliki ya simu, ile inayogonga mapigo sawasawa, taratibu sana, soma shairi lolote kwa sauti ya kuongea, usilipige kwenye kliki, lakini kila silabi ya mwisho ya kina itue pamoja nayo. Fanya wiki mbili kabla hujaongeza noti.

Na kwa Kiswahili zoezi hilo lina utamu wake, ambao yeye kwa Kiingereza hana. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, na mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho. Mstari wa Kiingereza mara nyingi huangukia neno fupi zito, mwimbaji analishika na kulivuta. Wa kwetu hupanda kwenye silabi ya mkazo kisha hushuka mlango wa nyuma. Chukua mstari wako mwenyewe, Nilikungoja kivukoni. Studio umeivuta ile "ni" ya mwisho mapigo manne mazima, kwa nguvu, tena ukaitetemesha. Lugha yenyewe haitaki hivyo. Mkazo uko kwenye "ko". Vuta "ko", iweke kwenye noti ndefu, halafu "ni" iachie kama mtu anayeweka kikombe kwenye sahani bila kutoa mlio. Utashangaa wimbo unavyolainika bila fundi kugusa kitu.

Tena tumepewa neno moja lenye sentensi nzima ndani yake. "Nilikungoja" ina mimi, wewe, wakati na kitendo. Usilipe maelezo mengine sita nyuma yake. Ubeti wako wa kwanza una silabi nyingi mpaka huna pa kupumua, na mwimbaji asiyepumua hawezi kuchelewa, kwa sababu hana nafasi ya kuchelewea. Punguza maneno kwa theluthi. Najua inauma, umeyaandika kwa upendo na naona ulivyofuata vina. Weka shairi zima kwenye daftari lako, wimbo uchukue sehemu yake. Na pale neno linapoanza na "m" au "n" yenye silabi yake, kama "mbu", "mtu", "nchi", usiikimbie. Unaweza kuivumisha mdomo umefungwa, nusu pigo, kabla ya irabu kufunguka. Kwa maiki ya karibu kuvumisha huko kunasikika kama mtu anafikiri.

Kuhusu vyombo, sikiliza I've Got to See You Again, utasikia fidla ya Jenny Scheinman. Sikiliza Painter Song, utasikia akodiani ya Rob Burger. Vyombo viwili ambavyo mtu wa pwani amezaliwa navyo masikioni, na kwenye albamu nzima kila kimoja kimepewa wimbo mmoja. Ndiyo maana vinapoingia unageuza shingo. Wewe uko Mombasa, wapiga fidla wa taarab unawafahamu. Mtafute mmoja, wimbo mmoja, naye apige pale unaponyamaza. Fidla halisi ya mtu mmoja anayesikia unachoimba ina thamani kuliko zile fidla za kinanda zilizojaa nyimbo zote tatu. Na albamu ikifika mwisho, kwenye The Nearness of You, wengine wote wamekwisha kuondoka. Amebaki yeye na piano yake. Weka wimbo wa namna hiyo mwisho kwenye yako.

Sasa ubishi wa wenzako. Wana hoja. Tarehe 23 Februari 2003, kwenye tuzo za Grammy zilizofanyika New York, albamu hii na watu wake walizoa tuzo nane, tano zikiwa za Norah mwenyewe, na miongoni mwazo Albamu ya Mwaka. Ukizitazama tuzo za uimbaji, ni za pop; hakuna hata moja ya jazz. Ndani ya albamu hakuna solo ndefu, hakuna mtu anayekimbiza kodi kwa dakika tano. Na neno lenyewe la jazz laini lilikuzwa na vituo vya redio vya Marekani tangu miaka ya 1980, kama jina la kuwauzia watu wazima muziki wa kutuliza, na wapenzi wengi wa jazz hawalitaki masikioni hadi leo. Sauti za namna hiyo zilikuwapo hata kabla ya jina: Michael Franks na George Benson mwaka 1976, Sade mwaka 1984 na Diamond Life.

Mimi msimamo wangu ni huu. Kwa fungu la dukani, wenzako wameshinda. Iite pop yenye jazz na kantri ndani. Ila ukiniuliza ilitengenezwaje, naiona jazz kila mahali: kwenye ile ngazi inayoshuka, kwenye kuchelewa na kurudi, na zaidi kwenye watu wanaosikilizana chumbani na kuamua papohapo. Blue Note haikuaibika kuitoa, na imeuzwa zaidi ya nakala milioni 27 duniani. Wewe usirekodi ili kushinda ubishi wa bendi. Kama mpiga gitaa wako anataka solo ndefu, mpe usiku wa Jumamosi hotelini apige mpaka aridhike, na kwenye albamu mwambie mistari minane.

Hilo la bendi linanirudisha kwenye namna ya kurekodi. Usikodi studio siku tatu kwanza. Tafuta chumba chenye zulia, mapazia na makochi, hata sebuleni kwa mtu, feni imezimwa, saa za usiku magari yamepungua. Piano kama ipo, la sivyo gitaa la nailoni. Besi ya kusimama ukiipata; ukikosa, besi ya umeme ipigwe kwa kidole gumba na sauti iteremshwe. Dramu apige kwa brashi za waya, tena snea (ile ngoma ndogo) na hai-hati (yale matoazi mawili) tu, na kama hawezi kupiga kimya kiasi cha wewe kusikia pumzi yako mwenyewe, basi mwache nje ya nyimbo mbili tatu. Nyote mketi mnaonana macho. Imbeni kila wimbo mara tatu, si zaidi, halafu mle, mrudi kusikiliza. Mara nyingi ya pili ndiyo yenyewe. Ukisikia kosa dogo kwenye ile yenye uhai, liache. Usikubali sauti yako ipitishwe kwenye mashine ya kunyoosha noti; noti zako za chini zinayumba kidogo unapomaliza mstari, na kuyumba huko ndiko nilikokupenda.

Kuhusu mwangwi, weka mdogo wa chumba, basi. Ukiusikia, umezidi.

Umesema pia unafikiria kuimba baadhi kwa Kiingereza ili ufike mbali. Kwa nyimbo hizi usifanye hivyo. Kiingereza chako ni kizuri, lakini kwenye ule wimbo wa tatu ulipobadilisha lugha ulianza kutamka kama yeye, na kwa ubeti mzima nilikupoteza. Uliporudi kwenye Kiswahili nikakupata tena neno la kwanza.

Anza na wa kivukoni. Toa fidla, toa kengele, punguza maneno, shusha ufunguo hatua moja, maana unapanda mahali ambapo huwezi kunong'ona. Rekodi kwa simu tu, wewe na gitaa, usiku, simu iwe juu ya kitabu mezani shubiri mbili kutoka mdomoni. Usiihariri. Nitumie kama ilivyo, hata paka akilia katikati, nami nitakujibu kama uko tayari kuwaita wengine chumbani.